"Kwangu Inafanya": Historia ya Kisingizio Chetu

Wasee, tuongee ukweli. Kama umewahi kuandika programu na wenzako, hii sentensi unaijua: "Lakini kwangu inafanya!"

Mimi nimeisema mbele ya darasa zima. Tulikuwa tumeunda apu ya chama, testi zote zimepita, tumejaa raha. Kwa laptopu tulitumia SQLite, kwa seva tukaweka PostgreSQL. Nafasi ya namba ya simu tuliipa herufi 10. Siku ya kuonyesha kazi, mwalimu akaandika namba yake akianza na +254. Hizo ni herufi 13. SQLite huwa haijali urefu huo, inameza tu. PostgreSQL ilikataa. Apu ikaanguka, na sisi nayo.

Kumbe watu wamekuwa wakihangaika kuzipa programu mazingira yao wenyewe kabla hata hatujazaliwa. Mwaka 1979, toleo la 7 la Unix lilikuja na chroot, njia ya kuifungia programu ndani ya folda moja iamini hiyo ndiyo kompyuta nzima. Mwaka 2000, FreeBSD ikaleta jails, ukuta mnene zaidi. Mwaka 2006, mainjinia wa Google wakaanza kazi ya kuigawia kila programu kiasi chake cha memori na prosesa. Kazi hiyo iliingia Linux mwanzoni mwa 2008 kwa jina cgroups. Vipande vilikuwepo, lakini kuviunganisha kulihitaji fundi haswa.

Machi 2013, Solomon Hykes alipanda jukwaani Santa Clara, Marekani, akaonyesha Docker kwa dakika chache tu. Wazo ni lilelile la makontena unayoyaona kwa malori Mombasa Road: krini haijali kama ndani ni mitumba au matairi, inabeba boksi.

Watu husifu Docker kwa hiyo kazi ya kufunga mzigo. Mimi naona kitu kikubwa zaidi ni kwamba Docker inapokea maagizo kutoka kwa programu nyingine. Nyuma ya zile amri unazoandika kuna API, kwa hivyo msimbo wako unaweza kuiambia: anzisha kontena, lisimamishe, lifute.

Mwaka 2015, Richard North alianzisha Testcontainers kwa ajili ya Java. Testi yenyewe inasema, "Nataka PostgreSQL, toleo hili." Kontena linawashwa, testi inasubiri hadi databesi iwe tayari, inapewa poti iliyo wazi ili isigongane na nyingine, inafanya kazi yake, kisha kila kitu kinafutwa. Msafishaji anaitwa Ryuk, jina moja na yule shinigami wa Death Note. Leo iko pia kwa Python, Go na Node.js, na Desemba 2023 Docker ikainunua AtomicJar, kampuni iliyokuwa ikiiendeleza.

Kwa nini nasema hii ni kubwa? Kwa sababu zamani mazingira ya testi yaliishi kichwani mwa mtu mmoja. "Muulize fulani, yeye ndiye aliweka." Fulani akipata kazi kwingine, mmebaki gizani. Sasa mazingira yameandikwa ndani ya msimbo. Aliyejiunga na timu leo asubuhi anapata databesi ileile ya aliyekaa miaka mitano.

Si bure lakini. Kupakua hizo imeji kunakula bando, na laptopu ya RAM ya GB 4 itapiga kelele kama posho mill. Kwa sisi tunaokod kwa hotspoti ya simu, hiyo ni pesa. Ila unapakua toleo mara moja, unalitumia tena na tena. Na si lazima kila testi iwashe kontena. Hesabu tupu haihitaji. Lakini chochote kinachogusa databesi, afadhali testi 5 zinazoongea na databesi ya kweli kuliko 50 zinazoongea na ya kuigiza.

Tungefanya hivyo, ile namba ya +254 ingekataliwa usiku, tukiwa hosteli na chai yetu. Tungeongeza urefu, tukalala. Badala yake tulijifunza mbele ya watu 40.

Basi niambie, testi zako wewe zinaongea na databesi gani?