Saa ya Jua na Saa ya Seva: Historia Fupi Kutoka Bukoto

Mwalimu anapotangaza kwamba kazi iwasilishwe "Ijumaa, saa sita usiku", hudhani amesema jambo moja. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu siku mpya kuanzia magharibi ataelewa usiku unaokuja baada ya Alhamisi. Mwenzake ataelewa usiku unaofuata Ijumaa mchana. Kati yao pana tofauti ya saa 24, na seva inayopokea kazi hizo haiwezi kuwaamulia. Katika makala haya tunaeleza jinsi wakati ulivyojengwa kwa tabaka tatu, kila moja na historia yake. Mfano wetu ni Bukoto, mtaa wa Kampala ulio katika tarafa ya Nakawa.

Tabaka la kwanza ni lugha. Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na saa za usiku linapotua. Karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hivyo hesabu hii haiyumbi. Kiganda nacho huhesabu vivyo hivyo, na neno lake ssaawa ni ndugu wa saa yetu, yote yakiwa na asili ya Kiarabu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bukoto anayezungumza Kiganda tayari anaijua saa ya Kiswahili kabla ya somo la kwanza.

Tabaka la pili ni ukanda wa saa. Zamani kila mji ulifuata jua lake. Jua la adhuhuri hufika Mombasa takriban dakika 28 kabla ya kufika Bukoto. Tofauti hiyo haikumsumbua msafiri wa miguu, lakini simu za maandishi na ratiba za garimoshi zilihitaji saa moja. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Wakati huo mataifa yalikwisha kukutana Washington, Oktoba 1884, na kuichagua Greenwich kuwa mwanzo wa longitudo.

Hata hivyo, Afrika Mashariki haikupata saa yake mara moja. Kumbukumbu zimo katika hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ambayo hutumiwa na mifumo ya jamii ya Unix. Humo tunasoma kwamba Nairobi iliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, kisha kwa saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa tatu kamili. Jina Africa/Kampala sasa huelekezwa kwenye Africa/Nairobi. Saa tatu kamili ni za longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu. Ndiyo maana Bukoto, iliyo magharibi zaidi, jua hufika kileleni kwa wastani yapata saa sita na dakika 50 mchana.

Tabaka la tatu ni mtandao. Saa iliyomo ndani ya kompyuta hupotoka. Ikikosea kwa sehemu 20 tu katika milioni, baada ya mwaka itakuwa imepotoka kwa zaidi ya dakika 10. Dawa yake ni itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David L. Mills, na maelezo yake yakachapishwa Septemba 1985. Seva huuliza saa kwa seva nyingine, hupima muda ambao swali na jibu vimetumia njiani, kisha hurekebisha. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya Uganda na ng'ambo yalitegemea sana setilaiti, na swali na jibu lake vilichukua takriban nusu sekunde. NTP iliuhesabu ucheleweshaji huo pia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba NTP haijui Kampala wala Nairobi. Husafirisha sekunde tupu, zinazohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900 kwa saa ya ulimwengu, UTC. Hivyo fundi hufanya kazi mbili tofauti. Kwanza, huweka programu kama ntpd au chrony na kuipa majina ya seva za kuulizwa, mathalani zile za pool.ntp.org, mradi ulioanza mwaka 2003. Pili, huchagua ukanda Africa/Kampala. Kosa la kawaida ni kuuacha ukanda ukiwa wa Greenwich, kisha kuisogeza saa kwa mkono kwa saa tatu. Programu ya ntpd, isipoelekezwa vinginevyo, hukataa tofauti inayozidi sekunde 1000 na kujizima. Tangu hapo saa hubaki bila mlinzi.

Mashine ikiongeza tatu, lugha huondoa sita: saa 20 ya seva huwa saa mbili usiku. Hesabu hiyo ya mwisho ni kazi ya walimu wa Kiswahili. Tunapendekeza tangazo la kuwasilisha kazi litaje siku, tarehe na sehemu ya siku, na liikwepe saa sita usiku kabisa. "Ijumaa jioni, saa kumi na mbili kamili" haina usiku wa kugombewa, na mwanafunzi hatapoteza alama zake kwa sababu ya tafsiri.