Mizani na Majina ya Vitu

Wazee husema, Moto huzaa jivu. Methali hiyo hutumika kwa habari za watu, yaani mzazi hodari aweza kupata mtoto asiye na nguvu. Lakini leo twataka kuitazama kwa maana yake ya asili. Mzigo wa kuni uliochukuliwa na mtu mzima kwa taabu, ukiisha kuungua, jivu lake laweza kuchukuliwa na mtoto mdogo katika ungo. Je, sehemu iliyobaki imekwenda wapi? Imepotea kabisa, au ipo mahali tusipoiona? Swali hili laonekana dogo, lakini liliwatatiza wenye elimu kwa miaka mingi, na jibu lake liligeuza namna wanadamu wanavyovigawa na kuvipa majina vitu vyote vyenye uzito.

Kwanza hatuna budi kupambanua sifa za namna mbili. Ziko sifa za kifizikia, kama rangi, ugumu, uzito, na kiasi cha joto kinachoyeyusha kitu. Hizo twaweza kuzipima na kitu chenyewe kikabaki kile kile. Mafuta ya nazi huganda wakati wa baridi na kuyeyuka jua likipanda, lakini ni mafuta yale yale. Chumvi ikitiwa majini hutoweka machoni petu. Maji yakikaushwa juani, chumvi huonekana tena, kama wajuavyo watu wa pwani. Ziko na sifa za kikemia, yaani jinsi kitu kinavyogeuka kuwa kitu kingine. Jembe likiliwa na kutu, ile kutu si chuma tena, wala kuiosha hakuirudishi kuwa chuma. Matumbawe yakichomwa tanurini huwa chokaa, na chokaa hiyo mbichi ikinyunyiziwa maji hupata joto na kuvimba, jambo ambalo matumbawe hayakulifanya kabla ya kuchomwa.

Wayunani wa kale walijaribu kuvipanga vitu vyote hivi. Aristotle, aliyeishi tangu mwaka 384 hata 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba vitu vya dunia vimefanyizwa kwa asili nne, ndizo udongo, maji, hewa na moto. Mafundisho hayo yakaingia katika vitabu vya Waarabu, kisha yakaenea Ulaya, yakadumu karibu miaka elfu mbili. Tusiwacheke waliyoyaamini, kwa maana walikuwa na hoja. Walitazama kijiti kibichi kikiungua, wakaona mwali, nao ni moto. Wakaona moshi, wakasema ni hewa. Wakaona povu likichuruzika mwishoni, nayo ni maji. Na mwisho likabaki jivu, nalo ni udongo. Basi wakasema, Tazameni, asili zote nne zimetoka katika kijiti kimoja. Kosa lao halikuwa ujinga, bali walitegemea macho peke yake.

Mwaka 1661 Mwingereza Robert Boyle alitoa kitabu cha kuyapinga mafundisho hayo. Alisema kwamba asili ya kweli iwe kitu kisichochanganyika na kingine, ambacho vitu vingine hufanyizwa kwacho. Wala haitoshi kusema ziko nne bila kuthibitisha. Lakini fumbo la moto likabaki. Mjerumani aitwaye Georg Stahl alifundisha kwamba kila kitu kiwezacho kuungua kina ndani yake kitu kiitwacho flojistoni, nacho hutoka wakati wa kuungua. Kwa fundisho hilo jivu ni kuni zilizokwisha kutokwa na flojistoni. Wengi waliridhika, kwa sababu lilieleza mambo mengi kwa neno moja.

Hata hivyo lilikuwapo jambo moja lisilokubaliana nalo. Bati au risasi ikichomwa sana hugeuka kuwa unga, na unga huo ni mzito kuliko madini yaliyochomwa. Kama kuna kitu kilichotoka, mbona uzito umezidi? Wengine walijibu kwamba flojistoni ni nyepesi ajabu, hata ikitoka kitu huwa kizito zaidi. Hapo ndipo tunapoona hatari ya jina lisilopimwa, maana mtu akisha kulipenda huwa tayari kuipindisha hata hesabu ili alitetee.

Aliyeikata kesi hiyo alikuwa Mfaransa, Antoine Lavoisier, aliyezaliwa Paris mwaka 1743. Alikuwa na mali kwa kuwa alishiriki katika kampuni ya kukusanya kodi za mfalme, na sehemu kubwa ya mali hiyo aliitumia kununua vyombo, hasa mizani zilizopima kwa usahihi mkubwa. Mkewe, Marie-Anne Paulze, alijifunza Kiingereza ili amfasirie vitabu vya Waingereza, naye akachora picha za vyombo vyao. Mwaka 1774 Lavoisier alitia bati katika chupa, akaifunga isipitishe hewa, akaipima, kisha akaipasha moto hata sehemu ya bati ikawa unga. Akaipima tena kabla ya kuifungua: uzito haukuzidi wala haukupungua. Alipoifungua, hewa iliingia kwa mvumo, na uzito ukaongezeka. Basi bati halikutoa kitu. Lilikuwa limetwaa sehemu ya hewa iliyokuwa chupani.

Sehemu gani ya hewa? Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Mwingereza Joseph Priestley aliuchoma unga mwekundu wa zebaki kwa kioo kikusanyacho mwanga wa jua, akapata gesi iliyofanya mshumaa uwake kwa nguvu. Mwezi wa Oktoba alikwenda Paris, akamweleza Lavoisier habari hiyo. Lavoisier akaijaribu kwa njia yake. Aliipasha zebaki moto kwa muda wa siku 12 ndani ya hewa iliyopimwa. Karibu sehemu moja katika sita za hewa ile ikatoweka, na unga mwekundu ukatokea juu ya zebaki. Mshumaa ukazimika katika hewa iliyobaki. Kisha akauchoma ule unga, akairudisha gesi kwa kiasi kile kile kilichopungua. Gesi hiyo akaiita oksijeni. Hivyo hewa, iliyohesabiwa kuwa asili moja, ilionekana kuwa mchanganyiko; na moto haukuwa asili kabisa, bali ni tendo la kitu kuungana na oksijeni kwa nguvu.

Sasa twaweza kulijibu lile swali la kuni. Kilichokuwa makaa ndani ya kuni kimeungana na oksijeni, kikapanda juu kama gesi isiyoonekana. Na sehemu nyingine imetoka kama mvuke wa maji na moshi. Lau tungeweza kuyakusanya yote pamoja na jivu na kuyatia mizanini, tungeona kwamba hakuna kilichopotea. Tena uzito wake ungezidi ule wa kuni, kwa sababu ya oksijeni iliyoongezwa.

Baada ya hewa na moto ikaja zamu ya maji. Mwaka 1766 Mwingereza Henry Cavendish alikuwa ameeleza gesi nyepesi sana iwezayo kuwaka. Mwaka 1783 Lavoisier alionyesha kwamba gesi hiyo ikiungua pamoja na oksijeni, hupatikana maji. Ndiyo sababu ikaitwa haidrojeni, yaani mzaa maji. Mwaka 1789 akatoa kitabu chenye orodha ya vitu 33 vilivyohesabiwa kuwa asili, ambavyo siku hizi twaviita elementi. Sheria yake ilikuwa moja: tutakiita kitu elementi maadamu hakuna njia iliyokwisha kupatikana ya kukigawa. Katika orodha hiyo aliiweka chokaa, lakini akasema kwamba huenda siku moja itaondolewa.

Hakuishi kuiona siku hiyo. Tarehe 8 Mei 1794, wakati wa maasi ya Ufaransa, aliuawa kwa kukatwa kichwa pamoja na wenzake wa ile kampuni ya kodi. Naye Priestley, ambaye nyumba yake ilichomwa na wafanya fujo mwaka 1791 na aliyehamia Marekani baadaye, alikufa mwaka 1804 akiitetea flojistoni bado. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba yule aliyeitoa oksijeni kwa mikono yake hakukubali maana yake.

Neno la Lavoisier juu ya chokaa lilitimia upesi. Mwaka 1807 Mwingereza Humphry Davy alipitisha nguvu za umeme katika potashi, ambayo asili yake ni majivu ya miti, akapata madini laini iwakayo ikiguswa na maji, nayo ni potasi. Siku chache baadaye akapata sodiamu kwa njia hiyo hiyo. Nayo imo katika magadi tunayotia jikoni. Mwaka 1808 akapata kalsiamu katika chokaa. Nani angedhani kwamba ndani ya majivu, magadi na chokaa mna madini yenye kung'aa? Chumvi nayo yatufundisha jambo lilo hilo. Ni kampaundi ya sodiamu, iwezayo kulipuka majini, na klorini, gesi ya sumu. Lakini zikiungana huwa kitoweleo cha kila siku. Mchanganyiko huhifadhi sifa za vilivyochanganywa, nao waweza kutenganishwa kwa kuchuja au kukausha. Kampaundi ina sifa zake mpya, wala haitenganishwi ila kwa njia za kikemia.

Basi elementi zikazidi kupatikana, na wataalamu wakajifunza kupima uzito wa atomi zake, wakiulinganisha na ule wa haidrojeni. Mwaka 1869 zilijulikana 63, lakini zilikuwa kama vitu vilivyotupwa ghalani bila mpango. Mwaka huo mwalimu mmoja wa chuo cha Petersburg, Mrusi Dmitri Mendeleev, alikuwa akiwaandikia wanafunzi wake kitabu cha kemia. Alizaliwa Tobolsk katika Siberia mwaka 1834. Baba yake alipofuka macho, akafa. Mama yake akaendesha kiwanda cha vioo kwa ajili ya kuwalisha watoto, nacho kikaungua. Hata hivyo alimsafirisha mwanawe mbali sana ili apate elimu, naye mama akafa mwaka 1850, mtoto alipokwisha kupata nafasi ya kusoma.

Mendeleev alizipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomi, akaona kwamba sifa hurudi kwa zamu, kama siku za juma zirudivyo. Ukianza na lithiamu, madini laini iamshwayo na maji, ukihesabu saba mbele utafika sodiamu yenye tabia kama hiyo, na saba tena utafika potasi. Lakini alipofika kwenye zinki, mpango ukakwama. Elementi iliyofuata kwa uzito ilikuwa aseniki, na kwa hesabu tupu ingekaa chini ya alumini. Lakini kwa tabia zake aseniki ni ndugu ya fosforasi. Angeweza kuilazimisha ikae pasipo pake. Hakufanya hivyo, aliiweka chini ya fosforasi, akaacha nafasi mbili tupu, akasema kwamba ziko elementi mbili ambazo hakuna mtu aliyeziona bado, na mwaka 1871 akaandika sifa zake.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran alipata elementi mpya, akaiita gali. Ni madini iyeyukayo katika kiganja cha mkono. Akasema ni nzito mara 4.7 kuliko maji. Mendeleev, ambaye hakupata kuiona, alimwandikia kwamba yapasa iwe karibu 5.9. Mfaransa yule akaisafisha vizuri zaidi, akaipima tena, akapata 5.9. Mwaka 1886 Mjerumani Clemens Winkler akapata ya pili, jerimani. Mendeleev alikuwa ameutaja uzito wa atomi yake kuwa 72 na uzito wake mbele ya maji kuwa 5.5, Winkler alipata kidogo zaidi ya 72, na karibu 5.47.

Si kila alilotabiri lilitimia, wala jedwali lake halikubaki kama alivyoliacha. Mwaka 1894 ilipatikana agoni, gesi isiyopenda kuungana na kitu, na ikabidi kuongeza safu nzima. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kwamba mpangilio wa kweli ni wa hesabu ya umeme ulio katika kiini cha atomi, si wa uzito. Siku hizi elementi zenye majina ni 118. Majina ya 4 za mwisho yalikubaliwa mwaka 2016, na ile ya 101 yaitwa kwa jina la Mendeleev.

Kwa habari hizi twaona kwamba elimu hii ilisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni mizani ya Lavoisier: jina lolote, hata likiwa la kale na la heshima, halina budi kukubaliana na kipimo. Ya pili ni nafasi tupu ya Mendeleev: palipo na upungufu, heri kuacha wazi kuliko kujaza kwa kitu kisichostahili. Nasi tufundishao watoto tungefanya vema kuwazoeza mambo hayo mawili pamoja na majina ya vitu. Kwa maana majina yamebadilika mara nyingi, lakini desturi ya kupima na kungoja ndiyo iliyoyasahihisha kila mara.