Dubwana, Deni na Biblia: Safari ya Ngano Moja ya Kifaransa

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba ngano haina mwenyewe, na kwamba kila msimulizi huivisha nguo za zama zake. Ni kweli, walakini kauli hiyo haituambii ni kiungo kipi cha ngano hukatwa ili nguo ikae. Makala haya yatalitazama swali hilo kupitia ngano ya msichana mzuri aliyekwenda kukaa kwa Dubwana ili kuyaokoa maisha ya baba yake.

Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliiandika kwa urefu mwingi mwaka 1740. Iliyoenea, hata hivyo, ni ile iliyofupishwa mwaka 1756 na Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, Mfaransa aliyefundisha mabinti wa watu wa daraja huko London. Kitabu chake kimepangwa kama mazungumzo baina ya mwalimu na wanafunzi wake, na ndani yake mna jambo linalostahili kuangaliwa: ngano zimepokezana zamu na visa vya Biblia. Viwili hivyo vyakaa ujirani katika jalada moja, lakini hakuna kinachoingia nyumbani kwa mwenzake. (Nasi wa Kiswahili tuna mfano wetu: Edward Steere alichapisha ngano za Unguja mwaka 1870, na pia akatafsiri Maandiko, wala hakuvichanganya.) Msichana wa Beaumont hamsomei Dubwana Biblia. Hukaa naye wakati wa chakula cha usiku, saa tatu, na huulizwa tena na tena kama atakubali kuolewa.

Sasa tuifungue riwaya ya Melanie Dickerson, mtunzi wa Kimarekani, iitwayo The Merchant's Daughter, iliyotolewa mwaka 2011 na Zondervan, wachapishaji wa vitabu vya Kikristo. Mambo yatendeka Uingereza mwaka 1352. Laana hakuna, wala uchawi. Dubwana ni bwana mwenye ardhi, Ranulf le Wyse, mwenye makovu aliyoachiwa na mbwa-mwitu. Annabel hapelekwi kwake kwa sababu ya ua la waridi lililochumwa, bali kwa deni: jamaa zake hawakutimiza kazi waliyopaswa kumfanyia mwenye ardhi, naye analipa kwa utumishi. Na jioni, pale palipokuwa na chakula na swali, sasa pana Biblia, ambayo Annabel humsomea bwana wake. Jirani wa mwaka 1756 amehamia ndani.

Historia yaikubali hali hiyo kwa shida. Katika karne ya 14 Biblia iliyotumika Uingereza ilikuwa ya Kilatini, yenye kunakiliwa kwa mkono na ya bei kubwa. Tafsiri nzima ya Kiingereza inayohusishwa na John Wycliffe yahesabiwa kuwa ya yapata mwaka 1382. Binti mwenye shauku ya kujisomea Maandiko afanana zaidi na msomaji wa Kiprotestanti wa leo kuliko majirani zake wa 1352.

Deni, kinyume chake, lina mizizi. Tauni Kuu ya 1348 na 1349 ilikuwa imewafagia wafanyakazi mashambani, na sheria ya mwaka 1351 iliwalazimisha wenye nguvu kufanya kazi kwa ujira wa kabla ya maradhi. Ugomvi juu ya jasho la mtu ulikuwa ndio ugomvi wa zama hizo. Lakini hapa riwaya yajitia katika tatizo ambalo ngano haikuwa nalo. Dubwana wa Beaumont humwambia msichana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, na akikataliwa hukubali. Annabel ni mtumishi. Mapenzi yamea baina ya mwenye kuamuru na asiyeweza kuondoka. Nadhani mtunzi amelihisi jambo hilo, kwani tamaa na ujeuri amemtwika msimamizi wa shamba, Tom, hata bwana mwenyewe abaki safi. Mamlaka yaliyomleta msichana pale hayahojiwi sana.

Faida nayo ipo, tena si ndogo. Dubwana wa Beaumont hugeuka kuwa mwana wa mfalme mwenye sura nzuri, na msichana hupewa uso ambao hakuupenda kwanza. Mahali pasipo uchawi hapana uso mpya. Annabel huolewa na makovu yale yale aliyoyakuta.