Sili wa Weddell
Sili wa Weddell, kwa jina la kisayansi Leptonychotes weddellii, ni mamalia wa bahari anayeishi kandokando ya bara la Antaktika. Ameitwa hivyo kutokana na James Weddell, nahodha wa Uingereza aliyesafiri huko katika miaka ya 1820.

Majira ya baridi bahari hufunikwa na barafu, naye hubaki chini yake, akipumua kupitia matundu anayoyatunza mwenyewe. Hupanua taya na kuikwangua barafu kwa meno ya mbele, akizungusha kichwa huku na huku. Kazi hiyo humgharimu sana: meno yakilika, hawezi tena kulizuia tundu lisigande wala kula vizuri, na maisha yake hufupika.

Uwezo wake wa kuzamia unastaajabisha kwelikweli. Kabla ya kuzama hutoa pumzi badala ya kuivuta, na mapafu hunywea kadiri anavyoshuka, hivyo nitrojeni haiingii kwa wingi damuni. Oksijeni huiweka katika damu yake nyingi na katika misuli iliyojaa mayoglobini. Bandama huachilia chembe nyekundu za akiba, mapigo ya moyo hupungua, na damu huelekezwa zaidi kwenye ubongo. Kwa kawaida huzamia kwa muda usiozidi dakika 20 hivi, ingawa anaweza kukaa zaidi ya saa moja na kufika kina cha mita 600.