Kiangazi cha Mpira: Msimu wa Kandanda katika Vyuo vya Misheni vya Masasi na Newala

Historia ya kandanda nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kuitazama Dar es Salaam na Unguja, miji iliyokuwa na ligi, vikombe na magazeti ya kutangaza matokeo. Kwa kipimo hicho, timu ya chuo cha kusini huonekana kana kwamba haina historia, kwa kuwa haikuacha msimamo wa ligi. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba timu hiyo ilikuwa na msimu wake. Msimu huo haukupangwa na chama cha mpira bali na mvua, mavuno, jando na maji. Anayetaka kuuelewa hana budi kuisoma kwanza kalenda ya nchi, kisha ahesabu mabao.

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana zaidi kwa kifupi UMCA, ilifika Masasi mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipowaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Unguja hadi chini ya majabali ya Mtandi. Baada ya uvamizi wa Wamagwangwara mwaka 1882, Chauncy Maples alihamishia sehemu ya kazi Newala, katika nchi ya Matola. Vijana walioonekana kufaa kwa ualimu na upadri walivushwa bahari kwenda Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja. Katika chuo hicho mpira ulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku pamoja na sala, masomo na kazi za mikono. Cecil Majaliwa, aliyehudumu Chitangali na kupewa upadri mwaka 1890, alikuwa zao la njia hiyo. Si lazima kudai kwamba kila aliyetoka Kiungani alikuwa mchezaji hodari. Linalotosha ni kwamba mwalimu aliporudi kijijini alirudi akizijua sheria za mchezo, na akakuta kundi la wavulana mbele ya shule yake.

Chuo kilihamia Minaki mwaka 1925. Mwaka uliofuata Dayosisi ya Masasi ikaundwa chini ya Askofu Vincent Lucas, na Chidya ikawa shule kuu ya wavulana wa misheni hiyo upande wa kusini.

Sasa tuiangalie nchi yenyewe. Masasi iko chini, magharibi ya nyanda za juu za Makonde. Newala iko juu, ukingoni, ikilitazama bonde la Ruvuma. Udongo wa juu ni wa kichanga na hunywa mvua yote, kwa hiyo hakuna mto wala kijito juu ya nyanda hizo. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alieleza jinsi maji yalivyoteremkiwa hadi chini ya mteremko na kupandishwa kichwani. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili au Mei, na katika miezi hiyo wachezaji walihitajika shambani. Kiwanja kilikauka na mikono ikawa huru katika kiangazi, yaani katika miezi ileile ambayo maji yalikuwa adimu kuliko wakati wowote. Wavulana ishirini na wawili wakicheza kwenye vumbi alasiri moja, maji ya kunywa na ya kuoga yalikuwa yamepandishwa na mtu. Masimulizi ya kimisheni yanayousifu mpira kwa kuwafunza vijana kujitegemea hayaoneshi mabega ya nani yaliyobeba mchezo huo. Hali hiyo ilianza kubadilika katika miaka ya 1950, pale mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyasukuma maji kwa pampu kutoka bondeni.

Kiangazi kilikuwa pia wakati wa jando. Wari walikaa kumbini kwa majuma kadhaa, wakafundishwa na wakubwa wao, wakatoka wakiwa rika moja na majina mapya. Lucas hakuipiga marufuku desturi hiyo kama walivyofanya wamisheni wengine. Tangu muongo wa 1910 alijaribu kuitia katika Ukristo, akabadilisha baadhi ya mafunzo yake na kuweka sala ndani yake. Terence Ranger aliichambua kesi hiyo ya Masasi kama mfano wa mapatano kati ya kanisa na taasisi za wenyeji. Uchambuzi huo unaweza kupanuliwa hadi kiwanjani. Wamisheni wengi wa zama zile waliamini kwamba mpira ungewapa vijana umoja, utii na uvumilivu wa maumivu. Hata hivyo, kijana wa Kimakonde, Kimakua au Kiyao aliyeingia chuoni akiwa ametoka kumbini alikwisha kuyajua hayo yote pamoja na wenzake wa rika. Timu ya chuo haikuyaleta mafunzo hayo. Iliyarithi, kisha ikawachanganya vijana wa kumbi mbalimbali katika upande mmoja. Pengine huo ndio uliokuwa mchango wake halisi: kumpasia mpira mtu ambaye hukutahiriwa naye.

Kupanuka kwa kilimo cha korosho baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuliufupisha msimu huo, kwa kuwa mavuno huanza Septemba au Oktoba na kuwaita vijana mashambani kabla kiangazi hakijaisha. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni chini ya serikali, na michezo yao ikaingia katika utaratibu wa taifa. Jina la Ndanda, mahali palipokuwa na misheni ya Wabenediktini tangu 1906, lilifika Ligi Kuu katika msimu wa 2014/15 kwa klabu iliyochezea Mtwara, kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Mashindano ya taifa ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalipofanyika Mtwara mwaka 2021, yalianza mwezi Juni. Mvua zilikuwa zimekatika, korosho hazijaiva, na vijijini Newala ulikuwa umewadia wakati wa kuandaa kumbi.