Mtumbwi Usiovuka Mto

Mtumbwi wa baba haukuwahi kugusa mto. Ulilala nyuma ya nyumba yetu, Bwera, magharibi mwa Uganda, chini ya migomba: gogo moja lililochongwa na babu, kazi yake pombe. Wavuvi wa Katwe waliokuja kunywa walikuwa wakimtania baba, "Mzee, huku mlimani unavua nini?"

Ndizi za pombe zilifukiwa katika shimo lililopashwa moto, zikafunikwa kwa majani ya mgomba siku nne au tano. Zikiiva zinamenywa, zinatiwa mtumbwini pamoja na nyasi, kisha baba ananawa miguu na kuanza kukanyaga. Ufundi wote uko kwenye nyasi. Bila nyasi ndizi hugeuka uji mzito usiotoa kitu. Nyasi hushika nyama ya ndizi, maji yakachuruzika matamu. Sisi watoto tulipewa kikombe hapo hapo, kabla ya mtama. Unga wa mtama uliokaangwa ukishaingia, hayo yalikuwa mambo ya wakubwa, na baada ya siku moja au mbili ilikuwa tonto. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, mpakani na Kongo, ndugu zetu Wanande wanaiita kasiksi. Mkataba wa 1910 kati ya Waingereza na Wabelgiji ulitutenga Wakonjo na wao, lakini kileo kilibaki kile kile.

Katika kiwanda hicho cha pombe, ndizi na mtama tu ndivyo vilivyokuwa vyetu. Mti wa mtumbwi ulitoka juu, msitu wa Rwenzori. Nyasi, zile ndefu zenye ncha, zilitoka chini, mbugani kuelekea Ziwa Edward. Juu na chini kote kukapata mwenyewe mwingine. Mwaka 1952 mbuga ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga. 1954 Malkia Elizabeth akaja kuitembelea, ikapewa jina lake. Idi Amin aliiita Rwenzori, kisha jina la malkia likarudi. Tembo hawakujali jina lolote. Waliendelea kuvuka usiku kufuata migomba ya watu. Msitu nao ulikuwa hifadhi ya serikali tangu 1941, ukawa hifadhi ya taifa 1991, na 1994 UNESCO ikauandika kuwa urithi wa dunia.

Baba hakuziogopa hifadhi kama alivyoiogopa reli. Ilifika Kasese 1956 kuchukua shaba ya mgodi wa Kilembe. Shaba ilikwenda Jinja kuyeyushwa, na Jinja ndiko kulikokuwa na kiwanda cha bia, kwa hiyo, alivyosema yeye, tuliwapelekea jiwe wakaturudishia chupa. Wachimbaji wenye mshahara walipenda chupa. Mwisho wa mwezi. Katikati ya mwezi walirudi kwa baba, wakinywa kwa mkopo na kuzungumza Kiswahili cha mgodini, ambacho ndicho nilichojifunza kwanza.

Novemba 1996 waasi wa ADF waliposhambulia Mpondwe, tulikimbia. Tuliporudi tuliukuta mtumbwi umekatwa nusu, kuni za mtu tusiyemjua. Mti wa kuchonga mwingine haukupatikana: msituni shoka lilikuwa marufuku, na miti ya mashambani ni myembamba. Nilikasirika miaka mingi. Halafu Mei 2013 mto Nyamwamba ukashuka Kilembe na mawe makubwa kama nyumba, ukabeba watu na majengo, na tangu siku hiyo sina ubishi na mti uliosimama mlimani. Nina ubishi na nyasi. Kukata mzigo mmoja mbugani kunahitaji ruhusa, na nyasi zenyewe zinaungua kila kiangazi.

Dada yangu bado anakamua. Anatumia pipa la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, na nyasi ananunua. Anadai pombe ni ile ile. Mimi naonja plastiki, lakini simwambii. Kipande cha mtumbwi kilichobaki kiko uani kwake, kina maji. Kuku wanakunywa humo.