Mshono wa Mtutu

Nguvu ya Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, katika zama za mfanyabiashara Tippu Tip ilitegemea kwa sehemu kubwa mshono wa chuma. Magobori mengi yaliyouzwa Afrika karne ya kumi na tisa yalitengenezwa Liège na Birmingham, na mtutu wa bei nafuu ulikuwa ukanda wa chuma uliokunjwa kuzunguka fimbo, kingo zake zikapigwa nyundo motoni mpaka zishikane. Uzima wa mshono huo ulipimwa kwa baruti: mtutu ulishindiliwa baruti kupita kiasi, ukafyatuliwa, na uliosalimika ukapigwa mhuri. Pale kipimo hicho kiliporukwa au kulegezwa, aliyeupima mtutu kwa mara ya kwanza alikuwa mwenye kuubeba begani, huku Maniema. Hoja yangu ni kwamba historia ya ukaguzi wa maungio ya chuma ni historia ya kumwondolea mtumiaji mzigo huo.

Kasongo iliangukia mikononi mwa jeshi la Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, mwezi Aprili 1893. Miaka miwili baadaye, 1895, huko Würzburg, mwanafizikia Röntgen aligundua miali ya eksirei, na muda si mrefu akaipiga picha bunduki yake mwenyewe ya kuwinda. Sasa mtutu uliweza kuonyesha undani wake bila kupasuliwa. Chuma kinene kilihitaji miali mikali zaidi, na hapo Kongo ikaingia. Tangu 1922 madini ya Shinkolobwe, Katanga, yalisafishwa Olen, Ubelgiji, kupata radiumu, chanzo cha miali ya namna hiyo, na bei yake duniani ikashuka. Kufikia 1930 Robert Mehl, katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, alikuwa akitumia miali ya radiumu kutafuta kasoro ndani ya vyuma vya meli. Kanuni ni nyepesi: penye tundu au takataka ndani ya mshono, miali hupita kwa wingi, na filamu huwa nyeusi zaidi.

Mtu atasema baruti ilikuwa hakimu mkweli zaidi, kwa kuwa ilipima nguvu yenyewe, ilhali picha hupima umbo tu. Pingamizi hili lina uzito. Ufa mwembamba uliolala mkingamo wa miali unaweza kutoonekana kabisa, na daraja la Hasselt, Ubelgiji, lililoungwa kwa kuchomelea, lilivunjika Machi 1938 kwa nyufa zilizotokana na chuma chepesi kukatika na mikazo iliyobaki baada ya kuchomelea, mambo ambayo filamu haiyaonyeshi. Lakini baruti husema tu kwamba mtutu ulistahimili siku ile. Haisemi ulibakiza kiasi gani kabla ya kupasuka. Picha huonyesha upungufu ungali mdogo, nao hurekebishika. Kwa hiyo mashahidi hawa wawili wanahitajiana. Na atakayesema gharama ya picha hizo ni ya mataifa tajiri, akumbuke udongo uliotoa radiumu ile. Tangi au daraja linaloletwa Kasongo na jirani yake Kabambare lije na ushahidi wa mishono yake, ili mwenyeji asiwe tena wa kwanza kuipima kwa mwili wake.